Nimezimia mara tatu ndani ya daladala: je, ni presha ya kushuka?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, naishi Gongo la Mboto na nafanya kazi dukani Kariakoo. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, lakini mpaka nipate gari saa kumi na mbili imeshapita, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilipata siti asubuhi. Nasimama kwa saa moja na nusu, siku nyingine kwa saa mbili, tumebanana kiasi kwamba huwezi kuinua mkono ujikune. Tangu Novemba nimezimia mara tatu. Mara ya mwisho tulikuwa kwenye foleni kabla ya Tazara. Nilisikia joto, kichefuchefu, jasho la baridi, masikio yakaziba kama niko ndani ya maji, kisha giza. Naambiwa sikuanguka kwa sababu hapakuwa na pa kuangukia. Walinishika kwapani nikabaki wima, mikono ikaanza kurukaruka, mama mmoja akapiga kelele kwamba ni kifafa, na watu wakaanza kusukumana wanikwepe. Konda akaniketisha juu ya kifuniko cha injini, nikazinduka. Muuza dawa wa mtaani aliniambia ni presha ya kushuka na akanishauri nilambe chumvi. Mama anasema twende nikaombewe. Asubuhi sili kwa sababu garini nasikia kutapika, na sinywi maji nisije nikabanwa na haja njiani. Siku hizi hata gari halijafika moyo unaenda mbio na vidole vinakufa ganzi. Wiki iliyopita niliacha magari manne yapite, nikafika kazini saa tatu, na bosi ameshaniandikia barua ya onyo. Je, ni moyo, ni kifafa, au ni hewa inaisha ndani ya gari? Niache kazi?"

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa yaliyokupata. Umeyaeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi ninaoketi nao ana kwa ana, na hilo limenisaidia, kwa sababu katika suala la kuzimia hakuna kipimo kinachozidi maelezo: ulikuwa umesimama au umekaa, ulihisi nini kabla, aliyekuwa karibu aliona nini, na ulipozinduka ulijua uko wapi au ulikuwa umechanganyikiwa. Kwa maelezo yako ninaona mambo mawili yaliyoshikana. La kwanza ni kuzimia kwa kawaida, kule kunakompata takribani mtu mmoja kati ya watatu angalau mara moja maishani. La pili ni hofu iliyoota juu ya lile la kwanza. Moyo na kifafa viko chini kabisa katika orodha yangu, ingawa sitavifuta mpaka mtu akupime, na mbele nitakueleza akupime nini.

Nianze na hewa, maana hilo ndilo jambo ambalo karibu kila abiria analiamini. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na ile tunayoitoa bado inabaki na asilimia 16. Hata katika gari lililojaa pomoni na kufungwa madirisha kwa sababu ya mvua, oksijeni hupungua kidogo sana, tuseme kutoka asilimia 21 hadi 20 na nusu. Linganisha na Arusha: mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi inayovutwa pale ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pumzi ya Dar es Salaam, lakini watu wa Arusha wanapanda vifodi vyao na kushuka salama. Kinachojaa ndani ya daladala ni joto, unyevu wa jasho na harufu za watu, na hivyo vitatu ndivyo vinavyofanya hewa ionekane nzito. Nimelishikilia jambo hili kwa sababu mtu anayeamini kwamba hewa inaisha huanza kuhema harakaharaka, na huko kuhema, kama utakavyoona, kuna madhara yake.

Sasa tuone hasa kilichotokea pale kabla ya Tazara. Mtu anapotoka kulala au kukaa na kusimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka kutoka kifuani kwenda tumboni na miguuni, kama maji yanavyofuata mteremko. Ubongo uko juu kabisa, na una hulka ya mtoto mlafi: uzito wake ni asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kufika huko kwa sekunde sita hadi nane tu, fahamu huondoka. Ili hilo lisitokee, mwili una walinzi kwenye mishipa mikubwa ya shingo na juu ya moyo, ambao wakihisi msukumo umepungua huamuru mishipa ya miguuni na tumboni ijibane na moyo uongeze kasi. Una pia msaidizi mwingine ambaye watu hawamjui, nao ni vigimbi vyako. Mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni ina vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, na kila unapopiga hatua, kigimbi hukaza na kuukamua mshipa, damu ikapanda. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka Gongo la Mboto hadi Banana na jua la saa sita likimwakia asizimie, lakini akazimia akiwa amesimama tuli kivulini.

Ndani ya daladala ya asubuhi huna hatua ya kupiga. Umebanwa mbele na nyuma, mguu mmoja uko kwenye sakafu na mwingine umeupachika juu ya mfuko wa mtu, magoti umeyafunga, na vigimbi vimelala. Juu ya hapo kuna joto. Mtu mmoja aliyetulia tu hutoa joto sawa na balbu ya zamani ya wati 100, kwa hiyo watu sitini ndani ya gari moja ni balbu sitini zinazowaka kuanzia sentimita chache kutoka usoni kwako. Mwili ukipata joto hupanua mishipa ya ngozini ili joto litoke, na damu inayokwenda ngozini ni damu iliyopunguka kwenye safari ya kichwani. Unatoka jasho pia, lakini katika miezi ya kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi mvua za masika zianze, hewa ya pwani imejaa unyevu kiasi kwamba jasho hutiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halimpozi mtu, linampunguzia maji tu. Si ajabu kwamba matatizo yako yalianza Novemba.

Kwa muda mwili huvumilia. Kisha hufika mahali ambapo moyo unasukuma kwa nguvu huku ukiwa karibu mtupu, na hapo waya hupishana: neva ndefu iitwayo vagasi, ambayo kazi yake ya siku zote ni kuutuliza moyo na kuendesha tumbo, hupokea taarifa potofu na kuupunguzia moyo kasi wakati uleule ambapo mishipa inalegea. Presha huporomoka. Kichefuchefu na jasho la baridi ni kazi ya neva hizohizo. Masikio kuziba na macho kuingia giza ni dalili kwamba damu imeanza kupungua kichwani, na jicho hulalamika kabla ya ubongo wenyewe. Baadaye kidogo ni giza tupu. Mpangilio ulioueleza, joto, kichefuchefu, jasho, masikio, giza, ni kama umeunakili kutoka katika kitabu chetu cha mafunzo, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuwa mtulivu juu yako.

Nikuondolee na aibu kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu nilizimia katika chumba cha upasuaji. Nilikuwa nimevaa gauni zito na barakoa, nimesimama saa mbili bila kusogea, kazi yangu ikiwa ni kushika chombo tu. Kila mtu alidhani nimeogopa damu. Baadaye nilikuja kuona kwamba anayezimia huwa ni mwanafunzi aliyesimama pembeni, ambaye naye hakunywa chai, wakati daktari mpasuaji anayeinama, anayezunguka na kubadilisha mguu anaendelea na kazi yake. Askari kwenye gwaride huzimia hivyohivyo, na watoto mstarini hotuba ya mgeni rasmi inaporefuka, na wasimamizi wa harusi kanisani. Wote wanasimamishwa tuli kwenye joto na kuambiwa wasitikisike.

Hili linanifikisha kwenye jambo lililonitia hofu zaidi katika barua yako, na si kuzimia kwenyewe. Kuanguka ni tiba ambayo mwili umejipangia. Mtu akilala chini, damu haihitaji tena kupanda, inarudi kichwani yenyewe, na kwa kawaida huzinduka kabla dakika haijaisha. Wewe ulinyimwa tiba hiyo. Walikushika kwapani ukabaki wima, kwa nia njema kabisa, na kila sekunde waliyokuinua ni sekunde ambayo ubongo ulikosa damu. Mikono kurukaruka kulitokana na hapo. Ubongo uliokosa damu hupiga mishtuko michache ya misuli, na mtu akiendelea kushikiliwa wima mishtuko huongezeka na kurefuka. Asiyejua akiona hivyo husema kifafa. Kisha wakakuketisha, tena juu ya injini, mahali penye joto kuliko pote ndani ya gari.

Kifafa kina sura nyingine. Mshtuko wake mkubwa kwa kawaida huchukua dakika moja au zaidi, mwili hukakamaa kwanza, uso huenda ukawa wa bluu na si wa kupauka, ulimi mara nyingi hung'atwa ubavuni, na mtu akizinduka huwa amechanganyikiwa au ana usingizi mzito kwa muda mrefu. Anaweza kupatwa akiwa amekaa, amelala, hata usingizini. Wewe umepatwa mara tatu, zote ukiwa umesimama, zote kwenye joto, zote kwa dalili zilezile za kutangulia, na mara hii ulizinduka ukamtambua konda na kifuniko cha injini. Nakuomba pia, na ninawaomba wanaosoma barua hii, mkumbuke kwamba hata kama ingekuwa kifafa kweli, hakiambukizwi kwa mate wala kwa kumgusa mtu. Wale waliokukwepa walikukwepa bure.

Nije kwenye presha ya kushuka. Muuza dawa hakukosea kabisa, kwa sababu presha yako ilishuka kweli kwa dakika moja au mbili ndani ya gari. Alichokosea ni kuligeuza tukio kuwa ugonjwa. Mtu ambaye presha yake ya kila siku ni 95 kwa 60 na hana shida yoyote si mgonjwa, na presha yako ukipimwa dirishani kwake siku tatu baadaye haisemi lolote kuhusu ile ya kwenye foleni. Chumvi ya kulamba haiwezi kupandisha presha katika dakika unazohitaji. Wapo wagonjwa wa kuzimia ambao sisi madaktari huwaongezea chumvi kwa makusudi, lakini hufanyika baada ya kuwapima na kujua kwamba figo na moyo viko salama na kwamba hawana presha ya kupanda. Iache kwa sasa. Ya chakulani inakutosha.

Kuhusu mama, sioni haja ya ubishi. Akitaka mwombewe, nendeni, lakini iwe pamoja na kipimo, na pasiwe na mtu wa kukwambia ufunge kula. Mwili wako hauwezi kuongezewa mfungo wakati huu.

Lile la pili, hofu, linahitaji maelezo yake. Ubongo ulipopatwa na tukio la kutisha ndani ya gari, uliweka alama kwenye kila kilichokuwepo: kituo, honi, sauti ya konda anayesema "sogea nyuma, nyuma kweupe". Sasa ukiviona tu, mwili unajiandaa kwa vita, moyo unaenda mbio na pumzi zinakuwa fupifupi. Kuhema haraka huondoa hewa ukaa nyingi mno mwilini, na hewa hiyo ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongoni hujibana, vidole na midomo hufa ganzi, na kizunguzungu huja. Mtu hutafsiri: naanza kuzimia tena. Hofu inapanda na duara linajifunga. Lakini tazama tofauti: katika shambulio la hofu moyo unakimbia na presha mara nyingi inapanda, na mtu ambaye presha yake inapanda ni nadra kuzimia. Vidole kufa ganzi kituoni si mwanzo wa kuzimia. Ni hofu inayoigiza, na inashughulikiwa kwa pumzi: vuta kwa pua ukihesabu polepole hadi nne, toa ukihesabu hadi sita, dakika tatu au nne, tumbo likitembea na si mabega. Usitumie mfuko wa plastiki au wa karatasi kama wengine wanavyofundishana.

Jambo moja gumu kuliko pumzi ni kwamba kila gari unaloliacha lipite linaifundisha hofu kwamba ilikuwa sahihi. Nafuu unayoipata gari linapoondoka bila wewe ndiyo chakula chake. Sikuambii ujitose kwenye gari la kwanza la Jumatatu. Jumamosi mchana, magari yakiwa na nafasi, panda ukashuke vituo viwili mbele, urudi. Ukizoea, nenda mpaka Tazara. Kisha jaribu asubuhi. Wiki mbili tatu za namna hiyo husaidia kuliko kidonge, na zisiposaidia, wapo wataalamu wa afya ya akili katika hospitali za rufaa ambao kazi hii ndiyo yao, wala kwenda kwao hakumaanishi kwamba umepungukiwa na akili.

Ufanye nini, basi, asubuhi yenyewe? La maana kuliko yote ni kuziheshimu dalili za kutangulia. Una dakika moja, pengine mbili, kati ya joto la kwanza na giza, na kwa sasa unazitumia kujikaza ili watu wasikuone. Zitumie kukaa chini. Sema kwa sauti, mapema, kabla ulimi haujawa mzito: "Nazimia, naomba nikae chini." Abiria wa Dar es Salaam wana maneno makali wakati wa kugombea mlango, lakini sijaona gari ambalo mtu alisema hivyo akanyimwa nafasi. Kaa sakafuni kabisa, weka kichwa kati ya magoti, au ulale miguu ikiwa juu ya mfuko ikiwa nafasi ipo. Najua sakafu ya daladala ilivyo, na najua una nguo ya kazini, kwa hiyo weka kanga kuukuu kwenye mkoba kwa kazi hiyo tu. Usiinuke mara unapopata nafuu. Subiri dakika kumi, kwa sababu anayesimama haraka huzimia mara ya pili. Na kama unasafiri na jirani au mfanyakazi mwenzako, mfundishe leo: nikizimia nilaze, niinue miguu, usinishikilie wima, usinimwagie maji, usinitie kijiko mdomoni, kitunguu kiache kwenye kikapu chake.

Ikiwa huwezi kukaa, tumia misuli. Pishanisha miguu ukiwa umesimama, kisha kaza mapaja, makalio na vigimbi kwa pamoja, shikilia mpaka dalili zipungue. Mikono ikiwa imeshika chuma cha juu, iteremshe ukaikunje, au uikamate mmoja kwa mwingine na kuvutana. Hii si mbinu ya mtaani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 223 wa kuzimia waligawanywa makundi mawili. Kati ya waliofundishwa kukaza misuli hivi, waliozimia tena walikuwa asilimia 32, na kati ya waliopewa ushauri wa kawaida tu walikuwa asilimia 51. Utaona kwamba hata hiyo asilimia 32 si sifuri, kwa hiyo ni silaha na si kinga kamili. Kabla hujafika hatua ya dalili, usiyafunge magoti. Inua visigino na kuvishusha kila mara, hata kwa kificho ndani ya kiatu, ili vigimbi vifanye kazi yake.

Maji nayo yana faida kubwa kuliko unavyodhani. Nusu lita iliyonywewa kwa mkupuo hupandisha uwezo wa mwili kuvumilia kusimama ndani ya dakika chache, na hufika kilele baada ya nusu saa hivi; wachangiaji damu hunyweshwa kwa sababu hiyohiyo. Inywe ukiwa unatoka nyumbani, uende msalani kwanza. Hofu yako ya kubanwa na haja naielewa, hasa kwa mwanamke ambaye hana pa kushukia kati ya Banana na Kamata, na sitakudanganya kwamba haitatokea kamwe. Ila kwa joto hilo maji mengi yatatoka kwa jasho, na kati ya kubanwa na kuzimia, kubanwa ni afadhali. Chakula kiwe kidogo na kikavu, kipande cha kiazi kitamu au mkate, nusu saa kabla. Chai tupu haihesabiki, na kichefuchefu cha mwenye njaa huwa kibaya kuliko cha aliyekula kidogo.

Kuhusu gari lenyewe huna chaguo lisilo na gharama. Wengi katika njia yako hupanda gari linalokwenda kituo cha mwisho na kugeuka nalo, wakilipa nauli mara mbili ili wapate siti. Kama mfuko unaruhusu, fanya hivyo kwa mwezi huu wa matibabu tu, au kwa zile siku unazokuwa hedhini, umekesha au una homa, kwa sababu siku hizo ndizo za hatari. Kuamka mapema zaidi kunaweza kukupa siti, lakini ukilala saa tano na kuamka saa tisa, usingizi uliopungua nao unavuta kuelekea kuzimia, hivyo pima. Ukilazimika kusimama, simama karibu na mlango au dirisha, ukubali kushuka ili wengine wapite, na ukae mbali na injini. Soksi za kubana ambazo vitabu vya Ulaya vinazisifu sikushauri kwa joto la hapa. Bodaboda nakukataza kabisa kwa sasa: itakutoa kwenye msongamano, lakini kuzimia nyuma ya pikipiki kwenye Barabara ya Nyerere hakuna sakafu ya kukupokea.

Na kama sababu mojawapo ya wewe kusimama umekakamaa, mkoba kifuani na magoti yamekaza, ni wanaume wanaojisugua kwa wanawake kwenye msongamano, jambo ambalo hukuliandika lakini wagonjwa wangu wengi wa umri wako hulisema mwishoni kabisa wakiwa wameshika kitasa cha mlango, basi nalo limo ndani ya ugonjwa huu na lina haki ya kutajwa kwa daktari.

Sasa vipimo. Nenda zahanati au kituo cha afya wiki hii, hata kama umeridhika na maelezo yangu, kwa sababu mara tatu katika miezi michache inastahili mtu akuguse. Omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha baada ya kusimama dakika tatu. Omba kipimo cha wingi wa damu. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania wana upungufu wa damu, na mwenye damu kidogo huzimia kwa urahisi. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunatarajia wingi wa damu uwe gramu 12 kwa desilita au zaidi. Mweleze kama hedhi yako ni nzito. Pima sukari, na kama siku zako zimechelewa, pima mimba pia. Taja kila dawa unayomeza, ukihesabu na za mitishamba. Mwisho, omba kipimo cha umeme wa moyo, ambacho huchukua dakika chache na hakiumi. Kikiwa na kasoro utapewa rufaa, na hapa Dar es Salaam rufaa hizo huishia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Kuna hali ambazo usingoje wiki. Ukizimia bila dalili yoyote ya kutangulia, au ukiwa umekaa au umelala, au wakati unakimbia au kupanda ngazi. Moyo ukienda mbio kwa ghafla na fahamu zikaondoka papo hapo. Ukipata maumivu ya kifua au kubanwa na pumzi. Au kama kuna ndugu yako wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana, au wewe mwenyewe uliwahi kuambiwa moyo una tatizo tangu utotoni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukizimia huku tumbo la chini likiuma na siku zako zimepita, kwa kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi huanza hivyo na haisubiri. Choo cheusi kama lami, kujing'ata ulimi, kuchanganyikiwa kwa zaidi ya dakika kumi, au mkono na mguu wa upande mmoja kukosa nguvu, navyo ni vya dharura.

Umeuliza kama uache kazi. Kwa nilichokisoma, hapana. Ungeacha kazi ukabaki na hofu, nayo ingekufuata mpaka kwenye gari la kwenda sokoni. Lakini usiende kwa bosi na maelezo ya mdomo. Mwombe daktari atakayekupima akuandikie barua yenye tarehe za kuzimia na ushauri kwamba kwa miezi mitatu uingie kazini saa tatu badala ya saa mbili na kufidia saa hiyo jioni, au upewe zamu ya mchana ikiwa duka lina zamu. Ipeleke pamoja na nakala ya lile onyo, ukibakiza nakala yako. Saa hiyo moja ndiyo tofauti kati ya gari la kusimama na gari la kukaa.